Mwalimu ananifundisha kuimba, au ananifundisha kuimba kama yeye?

Sautindogo (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naomba nilete hili swala hapa maana limenikaa kichwani siku nyingi na sina wa kumuuliza bila kuonekana najidai.

Nimeimba kwaya tangu nina miaka 12, alto, nyimbo za injili, kwa kusikiliza tu na kushika, solfa yenyewe naibahatisha. Mwanzoni mwa mwaka jana nikaamua nitafute mwalimu wa sauti kabisa, kwa sababu kila nikiongoza wimbo unaopanda sauti inapasuka katikati ya neno na kesho yake naamka nimepwelewa, naongea kama kijogoo kinachojifunza kuwika. Mwalimu niliyempata amesomea uimbaji wa klasiki. Simsemi vibaya hata kidogo, pumzi nimepata, kupwelewa kumeisha, na noti nilizokuwa naziangalia kwa mbali sa hivi nafika na nakaa.

Sasa juzi nimepewa kuongoza pambio. Pale kwenye "wewe ni mwanga wangu", noti ya juu iko kwenye "mwa", nikaishika kama nilivyofundishwa, taya chini, mdomo duara, koo wazi kama napiga miayo, sauti ikajaa mwenyewe nikajisikia raha. Namaliza mstari naona watu wa sauti ya tenori wanacheka chini chini. Kumbe walichosikia ni "wewe ni MWONGO wangu".

Kiongozi wa kwaya akaniambia nimepoteza ladha, naimba kama mtu wa opera aliyepotea njia. Nikampelekea mwalimu hayo maneno, akasema hiyo ndo tekniki, mtindo ni rangi ya kupaka nyumba ikishaisha kujengwa. Sa swali langu, kuna kitu kinaitwa tekniki tupu, isiyo ya mtindo wowote? Au mwaka mzima na nusu nimekuwa nikijifunza staili ya watu wengine huku naambiwa ni msingi?

Bwana_Kapera

Afadhali mwongo dada. Huyo mwanga mwenyewe kwa Kiswahili chetu anaweza akawa yule anayewanga usiku 😂😂 mngejikuta mnamsifu mchawi

Mzee_wa_Noti

Binti, mwalimu wako yuko sahihi na usiyumbishwe na wacheka ovyo. Mimi nimeimba zaidi ya miaka 30, nusu ya hiyo bila mwalimu, na nakwambia mtu mwenye msingi wa klasiki anaimba chochote anachotaka, asiye nao anaimba kile kimoja tu alichozaliwa nacho. Pumzi ni pumzi, koo ni koo, hakuna koo la injili na koo la opera. Waliochoka mapema wote ni wale waliokimbilia manjonjo kabla ya kujua kusimama kwenye noti moja ikatulia. Nyumba kwanza, rangi baadaye, sioni cha kujadili.

BilaKaratasi

Mzee heshima yako ila hapo napinga. Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazz, hakuwa na sauti ndefu, noti zake za maana zinaingia kwenye oktavu moja na kidogo, na mpaka leo watu wanakaa chini kujifunza alivyokuwa anachelewesha neno nyuma ya mdundo. Louis Armstrong angeenda kwa mwalimu wa klasiki angeambiwa kwanza asafishe huo mkwaruzo, na mkwaruzo ukiondoka anabaki nani? Mi naona hizi shule za sauti zinatoa watu wengi wanaoimba vizuri na wewe ukizima simu hukumbuki hata mmoja. Sautindogo rudi kwa watu wako uimbe ulivyokuwa unaimba.

Sautindogo

@BilaKaratasi nilivyokuwa naimba ndo kulikokuwa kunanipa kupwelewa kila Jumatatu kaka 😭 kurudi huko sirudi

Fundi_Koo

Nimesoma uzi wote nikaona niache kazi nijibu, maana hili ndo swala ninaloulizwa kila wiki na wanaokuja kujifunza kwangu.

Msimamo wangu ni huu, nusu ya kinachoitwa tekniki ni staili iliyovaa koti la daktari. Nusu nyingine ni tekniki kweli na bila hiyo huendi popote. Kazi ni kuzitenganisha, na kipimo changu ni cha kihuni kidogo: mwalimu akikwambia fanya hivi, jiulize nisipofanya nitaumia au nitachekwa? Ukiumia, ukiishiwa pumzi, noti isipotoka, hiyo ni tekniki, mshukuru. Ukichekwa tu, hiyo ni ladha ya watu fulani, na wewe una haki ya kuuliza ni watu gani.

Sasa tuichukue hiyo "mwa" yako. Tuseme noti ni ile "la" (A) ya katikati inayotumika kupigia tuni, nyuzi zako za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde. Ila sauti haiwi 440 peke yake, ina ngazi zake juu, 880, 1320 na kuendelea. Mdomo na koo ni kama chumba, kila irabu ni chumba cha ukubwa wake, na chumba kinakuza zile ngazi zinazokipendeza. Ukisema "a" ya kawaida ya Kiswahili, mdomo wazi, chumba kinapenda sehemu ya karibu na 800 hivi, ukiufungua zaidi kinapanda kinaidaka ile 880 na sauti inatoka kama mtu anayeita mwenzie ng'ambo ya mto. Hiyo ndo sauti ya injili, ya jukwaani, ya kuita. Ukizungusha mdomo, "a" ikaelekea "o", chumba kinashuka, ile 880 inaachwa, sauti inageuka ya duara na laini. Hiyo ndo sauti ya klasiki. Zote mbili ni kazi halali ya koo na zote mbili zinahitaji pumzi iliyopangwa. Ila moja inasema mwanga na nyingine inasema mwongo.

Kwanini klasiki walichagua ile ya duara? Kwa sababu walikuwa hawana maiki. Okestra nguvu yake kubwa iko chini, karibu na 500, ikipanda kuelekea 3000 inapungua sana. Johan Sundberg, mtafiti wa Sweden, miaka ya 1970 alionyesha kwamba waimbaji wa opera, hasa wanaume, wanatengeneza rundo la nguvu kwenye 3000 hapo hapo, sehemu ambayo okestra imeacha wazi, kwa kushusha zoloto (kile kisanduku cha sauti kooni) na kupanua koo juu yake huku kale kamlango ka kutokea kwenye zoloto kakibaki kembamba. Yaani mtu mmoja anapita juu ya vyombo 80 bila kupiga kelele. Ni kitu kizuri ajabu na nawavulia kofia. Lakini hilo ni jibu la swali la "nitasikikaje bila maiki", na wewe mbele yako kuna maiki.

Mwaka 1925 ndo kurekodi kwa maiki ya umeme kulianza kuenea, kabla ya hapo mwimbaji alikuwa anaimba kwenye tarumbeta kubwa na akifika noti nzito anarudi nyuma asiharibu. Maiki ilipoingia akina Bing Crosby wakaanza kuimba kama wanakunong'oneza sikioni. Hiyo pumzi inayovuja ndani ya sauti, klasiki ni kosa, kwenye pop ni pambo. Na ukitaka mfano wa kuchekesha zaidi chukua yodeli, ule uimbaji wa milima ya Alps. Ule mpasuko wa sauti kutoka kifuani kwenda kichwani, ambao mleta uzi alikuwa anaukimbia, wao ndo wimbo wenyewe.

kijana_wa_besi

Nimekaa pale na kiti changu naendelea kujifunza. Swali dogo tu, hii ya "imba kwa diaframu" iko kundi gani, kuumia au kuchekwa?

Fundi_Koo

@kijana_wa_besi hiyo iko kundi la tatu, la maneno ya kurithi 😅. Diaframu ni msuli wa kuvuta pumzi NDANI. Ikikaza inashuka, mapafu yanajaa. Ukiimba pumzi inatoka, diaframu inalegea inapanda. Unachosikia kinakaza tumboni ni misuli ya tumbo na ya katikati ya mbavu inayozuia pumzi isitoke yote kwa mkupuo. Waitaliano wanaita apojio, kuegemea. Mbavu zibaki zimetanuka kidogo huku pumzi inatoka kwa kubana bana. Maneno "kwa diaframu" hayamdhuru mtu ila nimeona watu wanasukuma tumbo nje kama wana mimba ya miezi sita wakidhani ndo kuimba.

Mzee_wa_Noti

Fundi umeeleza vizuri hiyo ya chumba na nimejifunza kitu, sikatai. Ila kipimo chako cha kuumia kina tundu kubwa na ngoja nikuonyeshe kwa mwili wangu mwenyewe.

Nilikuwa naimba bendi, usiku tatu mpaka nne kwa wiki, naongoza, spika za kujisikia hazifanyi kazi vizuri kwa hiyo naimba kwa kujilazimisha nisikike juu ya gitaa. Kuumwa sikuumwa hata siku moja. Nilikuwa naamka sauti nzito nzito, watu wanasifia eti imeiva. Mwaka wa tatu nikaona kitu, nyimbo za juu kwa nguvu naimba, ila nikitaka kuimba ile ile polepole kwa upole sauti haiji, inatoka hewa kwanza ndo noti inafuata. Daktari wa masikio, pua na koo akaingiza kamera, akanionyesha kwenye skrini vinundu viwili vinatazamana, kimoja kila upande, pale pale nyuzi zinapogongana zaidi. Nikauliza mbona sikusikia maumivu, akasema vinundu mara nyingi haviumi. Nikakaa miezi bila kuimba nafundishwa na mtaalamu wa sauti jinsi ya kuongea upya, mtu mzima na watoto wake.

Kwa hiyo ukimwambia binti "kama hauumii ni sawa", unamwambia angoje moto akiwa hana pua ya kunusa moshi.

Fundi_Koo

Mzee shikamoo, na pole kwa yaliyokupata. Umenishika na nakubali, kipimo kimekaa vibaya. Nakirekebisha, badala ya "nitaumia" iwe "kesho asubuhi sauti ya upole itatoka?"

Na hilo alilolieleza mzee wote mlichukue mkalifanye nyumbani, ndo kipimo bora kuliko maumivu. Chukua kipande kifupi cha wimbo wowote wa mtoto, kipandishe mpaka karibu na juu kabisa pa sauti yako, alafu kiimbe kwa udogo uwezavyo, kama kuna mtu amelala chumba cha pili. Noti ikianza safi, uko vizuri. Ikichelewa, ikaanza na hewa, au ikikubali ukiongeza nguvu tu, nyuzi zimevimba. Pumzisha, siku mbili tatu rudia. Kupwelewa kukipita wiki 3 au 4 bila mafua wala nini, usiulize humu, nenda kwa daktari ukaangaliwe na kamera.

Na ukisikia mtu anasema akinywa maji yanalainisha nyuzi muda huo huo, maji yanapita njia ya chakula, nyuzi ziko njia ya hewa. Yakigusa nyuzi utakohoa mpaka ulie. Kunywa maji kunasaidia ila kwa kuzunguka mwilini, inachukua masaa. Kinachogusa moja kwa moja ni mvuke.

BilaKaratasi

Haya sawa, vinundu sivitaki, nimeogopa. Ila mnakwepa hoja yangu ya msingi kwamba hawa mnaowaita na tekniki wakitoka nje ya staili yao wanakuwa kituko. Mtu wa opera akiimba soul unataka kumwonea huruma.

Kitabu_cha_Solfa

@BilaKaratasi na kinyume chake je? Usiku wa tuzo za Grammy 1998, New York, Pavarotti, yule tenori wa opera wa Italia, alitakiwa kuimba "Nessun dorma", ule wimbo wa opera ya Puccini ambao kila mtu anaujua hata asiyejua opera. Dakika za mwisho akaugua. Wakamuomba Aretha Franklin, mwimbaji wa soul, ambaye siku mbili nyuma alikuwa ameuimba kwenye hafla ya kumuenzi huyo huyo Pavarotti. Okestra imeshapangwa kwa ajili ya mwanaume tenori, kii ya kwake, yeye akapanda akaimba kwenye kii hiyo hiyo ya mwanaume. Na hakujigeuza mtu wa opera, aliuimba kama mtoto wa mchungaji aliyekulia kanisani, anapinda noti, anaongeza manjonjo, Kiitaliano kinachanganyika na Kiingereza.

Ukumbi ulisimama. Sasa niambieni, pale kilichomwokoa ni tekniki au mtindo? Watu wa klasiki walilalamika kwamba irabu si zenyewe na mstari umekatwa katwa, na kwa sheria zao ni kweli. Lakini mtu asiye na pumzi, asiyejua sauti yake inageukia wapi, asingepanda kwenye kii ya mtu mwingine bila mazoezi ya maana na akashuka mzima. Tekniki alikuwa nayo, tena ya kutisha, ila haikuwa ya Kiitaliano. Aliijengea kwenye injili.

Ndo maana nasema ile picha ya nyumba na rangi aliyopewa mleta uzi haikai. Nyumba ya Aretha ilijengwa na rangi ikiwa imo kwenye udongo.

Mzee_wa_Noti

Aretha ni mmoja katika milioni. Usimjengee mtoto wa watu hoja kwa Aretha.

Kitabu_cha_Solfa

Na Pavarotti je mzee, wako wangapi 😄

Nuru_ya_Tajwidi

Salaam. Mimi sijawahi kusoma muziki, nimesoma tajwidi (kanuni za kutamka Qurani) tangu mdogo, kwa hiyo mnisamehe nikikosea maneno yenu, ila hili la mwanga na mwongo limenigusa kwa sababu kwetu ndo somo la kwanza. Ukisoma, kila herufi ina mahali pake pa kutokea na haki yake ya urefu, na irabu ukiipindisha ikawa nyingine maana inageuka na umekosea, haijalishi sauti yako nzuri kiasi gani. Sasa wasomaji wazuri wanapanda juu sana, na pumzi moja inabeba mstari mrefu mpaka msikilizaji ndo anachoka kungoja, na "a" inabaki "a". Kwa hiyo mtu akiniambia juu huwezi kufika mpaka ubadilishe irabu, mimi najua watu wanaofika.

Na Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, hapo ndo alipotokea. Baba yake alikuwa imamu wa kijiji, alijifunza kusoma Qurani utotoni kwa baba huyo huyo kabla hajawa mwimbaji wa dunia. Ukimsikiliza anavyorudia mstari mmoja mara kumi kila mara kivyake na hakuna neno hata moja linalopotea, utajua alifundishwa nini kwanza. Sasa hiyo mtaiita tekniki au mtindo? Kwetu sisi hakuna maneno mawili, ukifundishwa kutamka umefundishwa na kuimba, ingawa hatuiti kuimba.

Fundi_Koo

@Nuru_ya_Tajwidi umeniongezea kitu ambacho sikuwa nacho. Niweke tu pembeni kidogo, ukipanda juu sana sana, sehemu za soprano wa opera, noti yenyewe inaipita ile sehemu ya kwanza ya chumba na hapo irabu zote zinaanza kufanana hata ufanyeje, ndo maana soprano akiwa kileleni huelewi amesema nini na si kiburi chake. Lakini alto anayeongoza pambio hajafika huko, hata karibu. Kubadili irabu kwenye hiyo la lilikuwa CHAGUO. Mwalimu alimpa chaguo kama vile ni sheria ya mwili.

Na hapa ndo nataka nimjibu mleta uzi moja kwa moja, maana swali lake lilikuwa kuna tekniki tupu au hakuna.

Dada, ipo, ila ni kidogo kuliko unavyoambiwa, na naweza kukuonyesha inavyofanana. Chukua glasi, weka maji kiasi cha vidole viwili, tia mrija, puliza mapovu huku unatoa sauti ndani ya mrija, uuuu, panda na ushuke kama king'ora, dakika 3 mpaka 5. Midomo imeshika mrija, hewa haitoki puani, mapovu yanatakiwa yaende sawa sawa kama maji yanayochemka kwa moto mdogo. Mapovu yakirukaruka pumzi haijatulia, yakikata pale sauti inapogeuka umejua mpasuko wako uko wapi. Hewa inayorudishwa nyuma na mrija inasaidia nyuzi zigongane kwa upole, Ingo Titze, mtafiti wa sauti, ameandika sana kuhusu hili. Sasa niambie, ndani ya mrija unaweza kuwa mtu wa opera? Wa injili? Irabu hakuna, maneno hakuna, hata mdomo huwezi kuupanga. Hiyo ndo tekniki tupu, na inaishia hapo hapo. Ukitoa mrija mdomoni ukasema "a", umeshachagua ukoo.

Kwa hiyo ulichojifunza mwaka na nusu hakijapotea. Pumzi ni yako, njia ya kupita mpasuko ni yako, sikio ni lako. Kilichobaki ni vitu vitatu vinne vya kubadilisha:

Kwanza usiimbe, ita. Simama, sema "weweee!" kama unamuita mtu aliye mbali ambaye unampenda (siyo unayegombana naye, koo linajua tofauti). Sikiliza imetua noti gani. Alafu kaa kwenye noti hiyo hiyo badilisha maneno, "mwangaaa". Mdomo uwe mpana kidogo, meno ya juu yaonekane, zoloto usilishushe kwa kulazimisha, liache lipande kidogo.

Pili, na hili watu wa klasiki linawashinda, PUNGUZA hewa. Umezoeshwa kujaza mapafu. Sauti ya kuita inafunga nyuzi muda mrefu zaidi kila zinapogongana, haihitaji hewa nyingi, ukiijaza unazisukuma nyuzi na ndo kule kupwelewa kulikokuleta kwa mwalimu.

Alafu jua mwanamke wa klasiki anahamia sauti ya kichwa mapema, karibu na mi au fa iliyo juu ya do ya katikati ya kinanda. Injili inabeba ladha ya kifua juu zaidi ya hapo, la, si, wengine do. Usibebe kifua chote, beba rangi yake. Ukianza kuhisi unanyanyua gunia, shusha kii nusu mbili (yaani nusu toni mbili), hakuna polisi wa kii.

Mzee_wa_Noti

Hapo kwenye kupunguza hewa na kushusha kii nakuunga mkono kwa mikono miwili, ningeambiwa hivyo zamani ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini binti, asikudanganye mtu umwache mwalimu. Mrudie umwambie.

kijana_wa_besi

Nimejaribu mrija. Mapovu yanakata kwenye re. Kila mara. Mama amekuja kuuliza kama nimekabwa

Sautindogo

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita, samahani kwa ukimya.

Kwanza mrija nafanya kila asubuhi na jioni. Pili nilimfuata mwalimu kama mzee alivyosema. Nilijiandaa kwa ubishi, nimeandika hoja kwenye simu, ya chumba, ya 880, ya maiki. Nikamwimbia ile pambio mara mbili, mara ya kwanza kwa staili yake, mara ya pili kwa kuita. Akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa unataka kuimba hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mbona hukuniambia siku ya kwanza? Ulisema unataka kujifunza kuimba."

Na kweli nilisema hivyo hivyo. Sikumwambia kuimba nini. Na yeye hakuuliza 🤦🏾‍♀️

Tumekubaliana nusu ya somo pumzi na mazoezi kama kawaida, nusu nyingine nilete nyimbo zangu, yeye anaangalia kama nakaza shingo au taya, ladha ananiachia mimi. Alikiri kuita hakujui ila shingo inayokaza anaijua akiiona. Hiyo kwangu inatosha.

Jumapili nimeongoza tena. Nimeshusha kii nusu mbili. Nimerekodi kwa simu, klipu hii hapa mnisikilize, na msinionee huruma.

BilaKaratasi

Dah. Sasa huyu ndo mtu. Ile ya kwanza ulikuwa unatuonyesha sauti, hii umeniambia kitu. Nafuta nusu ya maneno yangu ya mwanzo, nusu nabaki nayo.

Mzee_wa_Noti

Shingo imetulia. Kesho asubuhi fanya kile kipimo cha upole utuambie.

Nuru_ya_Tajwidi

Maashallah, mwanga umesikika mwanga, kila herufi.

Bwana_Kapera

Mwanga nimeukubali. Ila sikilizeni sekunde ya 41, hapo kwenye "wangu" amerudi kwa mwalimu. "Wewe ni mwanga wongo" 😂😂😂